Bei ya Jina: Dawa za Nguvu za Kiume Kutoka Mukombero hadi Jeneriki

Muda mrefu kabla kidonge cha kwanza hakijafika Kakamega, nguvu za kiume ziliuzwa hadharani, mchana kweupe, kwa sura ya mzizi. Mukombero, mmea unaotambaa juu ya miti ya msituni na ambao wataalamu wa mimea huuita Mondia whitei, umetafunwa na Waluhya kwa vizazi. Hadi leo mizizi yake hufungwa vitita na kutembezwa mitaani, kuanzia Shirere na wadi nyingine za mji wa Kakamega hadi vituo vya magari vya Nairobi. Mzee huutafuna ili tumbo litulie, mwingine ili apate hamu ya kula, na mwanamume ambaye mambo yamemwendea mrama chumbani huutafuna bila kulazimika kueleza ni kwa sababu ipi kati ya hizo. Waganda wanaujua kwa jina la mulondo na wanautumia kwa shabaha ile ile. Jambo la kuzingatiwa katika biashara hii ya kale ni namna mnunuzi alivyoupima ubora. Aliuvunja mzizi, akainusa ile harufu inayokaribiana na vanila, akatafuna kipande, akasubiri ule utamu unaobaki ulimini hata akinywa maji baadaye. Mzizi wa uongo haukumpita. Hakuhitaji jina la kiwanda wala muhuri wa ofisi. Ushahidi ulikuwa mdomoni mwake.

Kidonge kiliuondoa ushahidi huo. Hakinusiki, hakitafuniki, na macho hayawezi kutofautisha kilicho na dawa na kilicho na chokaa tupu. Kwa maoni yangu, historia ya dawa za nguvu za kiume katika mahali kama Shirere ni historia ya kutafuta kitu cha kushika nafasi ya ulimi wa mnunuzi. Kwanza nafasi hiyo ilishikwa na jina la kampuni, kwa bei kubwa sana. Baadaye ikawa haki ya sajili ya serikali, yaani rekodi inayoonyesha dawa imetengenezwa wapi, imepimwaje na nani ameiruhusu iuzwe. Mwananchi anayedhani jina na sajili ni kitu kimoja hupata hasara ya aina mbili: ama hulipa zaidi ya inavyopasa, ama humeza asichokijua.

Hata mukombero wenyewe ulianza kuelekea huko. Kuuchimba mzizi mara nyingi ni kuua mmea, na kadiri wanunuzi wa mijini walivyoongezeka, ndivyo ulivyoadimika katika Msitu wa Kakamega, ambao ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933. Taasisi ya utafiti ya icipe ilishirikiana na wakulima wa pembezoni mwa msitu kuhamishia mimea ya dawa mashambani, na kikundi cha Muliru kikatunukiwa Equator Prize mwaka 2010 kwa kazi ya namna hiyo. Mukombero nao ukaingia mashambani, ukasagwa, ukafungashwa. Mara tu mzizi ulipogeuka unga ndani ya kopo, mnunuzi alianza kutegemea maandishi yaliyobandikwa juu yake. Kuhusu uwezo wake, heshima ya jadi isitufanye tuseme zaidi ya tunayoyajua: kuna majaribio ya maabara, mengine yakiwa ya panya huko Kameruni, yaliyoleta matumaini, lakini matumaini ya maabara hayajageuka kuwa ushahidi wa kutosha kwa wanaume wenyewe. Anayeutafuna kwa furaha yake na autafune. Anayeuuza kama tiba ya hakika anadai asichoweza kukithibitisha.

Kidonge chenyewe kilizaliwa kwa njia ya mzunguko. Watafiti wa Pfizer katika mji wa Sandwich, kusini mwa Uingereza, walikuwa wakitafuta dawa ya maumivu ya kifua yanayotokana na moyo kukosa damu ya kutosha. Waliitengeneza sildenafili, wakaijaribu kwa wanaume wa kujitolea, wakaona kwamba kwa moyo haikufanya makubwa, lakini wanaume wale walikuwa wakieleza jambo jingine. Tarehe 27 Machi 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu iuzwe kwa jina la Viagra, kidonge cha buluu chenye pembe nne. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanaume kupata dawa ya kumeza iliyothibitishwa kwa tatizo hili, na haja ilikuwa kubwa: utafiti wa jimbo la Massachusetts uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba asilimia 52 ya wanaume wa kati ya miaka 40 na 70 walikuwa nalo kwa kiwango fulani. Pfizer ikatumia fedha nyingi kulitangaza, hata Pelé, mchezaji ambaye hakuna kijiji cha Afrika kisichomjua, akaonekana katika matangazo ya kuwahimiza wanaume wamwone daktari. Jina la Viagra likaingia katika lugha zote, Kiswahili kikiwamo, likawa jina la kitu chenyewe, kama watu wanavyoita kila sabuni ya unga Omo. Nguvu hiyo ya jina ndiyo iliyouzwa, pamoja na dawa, kwa miaka yote ya hataza.

Hataza ni haki ya muda inayompa mvumbuzi soko peke yake, na katika muda huo bei ni yake kupanga. Nchini India hali ilikuwa tofauti. Sheria yao ya hataza ya mwaka 1970 ililinda njia ya kutengeneza dawa, haikuilinda dawa yenyewe, kwa hiyo kiwanda kilichobuni njia nyingine kiliruhusiwa kuitengeneza. Ranbaxy ikatoa Caverta, Zydus ikatoa Penegra, Ajanta ikatoa Kamagra, zote zikiwa ni jeneriki, yaani sildenafili ile ile isiyobeba jina la Viagra. Kufikia mwaka 2005, India ilipobadilisha sheria ili ifuate masharti ya Shirika la Biashara Duniani, viwanda vyake vilikuwa vimekwisha jijenga. Swali la Kenya lilikuwa jingine: je, milango itafunguliwa?

Milango hiyo haikufunguliwa na wanaume waliotaka sildenafili. Ilifunguliwa na wagonjwa wa UKIMWI. Kenya ilikuwa ikisajili upya hataza zilizotolewa Uingereza, hadi sheria ya mwaka 1989 ilipoipa ofisi yake yenyewe ya haki za viwandani. Mwaka 2001 mambo yakakutana: Cipla ya India ilijitolea kuuza mchanganyiko wa dawa tatu za kupunguza makali ya virusi kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati bei ya dawa za chapa katika nchi tajiri ilikuwa zaidi ya dola 10,000, na Bunge la Kenya, baada ya kampeni kali ya mashirika ya kiraia, likapitisha Sheria ya Haki za Viwandani iliyoruhusu dawa ambazo tayari zimeingia sokoni kihalali kwingineko ziagizwe bila kusubiri ridhaa ya mwenye hataza. Mwanamume wa Kakamega anayenunua jeneriki ya aina yoyote leo, iwe ya shinikizo la damu au ya chumbani, anapita katika njia iliyopasuliwa na watu waliokuwa wakipigania uhai.

Njia hiyo nusura izibwe. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, na maana ya neno "ghushi" iliyoandikwa humo ilikuwa pana mno: kutengeneza kitu kinachofanana na bidhaa inayolindwa, bila idhini ya mwenye haki, kungetosha kukiita ghushi. Jeneriki, kwa asili yake, hufanana na dawa ya chapa. Kiambato chake lazima kiwe kile kile. Watu watatu waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, wa kwanza akiwa Patricia Asero Ochieng, walikwenda Mahakama Kuu wakieleza kwamba ofisa wa forodha akiwa na sheria hiyo mkononi angeweza kuzuia dawa zinazowaweka hai. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi alikubaliana nao. Aliamua kwamba vifungu vya 2, 32 na 34, kwa namna vilivyohusu dawa za jeneriki, vilitishia haki ya uhai, ya utu na ya afya iliyomo katika Katiba, na kwamba haki ya mwenye chapa haiwezi kutangulizwa mbele ya haki hizo. Naiona hukumu hii kuwa tukio kubwa kuliko yote katika historia ya dawa nchini Kenya, kwa sababu ilitenganisha mambo mawili ambayo wafanyabiashara wa chapa walikuwa wakinufaika nayo yakiwa yamechanganywa. Dawa ghushi ni uongo kuhusu imetoka wapi na ina nini. Jeneriki husema wazi imetoka wapi na ina nini, ila haibebi jina la aliyetangulia.

Basi jeneriki hupimwaje? Kiambato ni kile kile na kwa miligramu zile zile. Watu wa kujitolea hupewa dawa zote mbili kwa nyakati tofauti, damu yao ikachukuliwa tena na tena, na ulinganisho wa kiasi kilichofika kwenye damu sharti ukae kati ya asilimia 80 na 125. Wengi husoma tarakimu hizo kana kwamba jeneriki inaruhusiwa kupunjwa dawa kwa asilimia 20. Sivyo. Mpaka huo ni wa hesabu ya vipimo vya damu, na si wastani tu unaotakiwa kuingia ndani yake, ni ukingo mzima wa makosa ya kitakwimu pande zote mbili. Dawa iliyo mbali na mwenzake haipiti. Na ushahidi mzito kuliko wowote kwamba tofauti ya bei si tofauti ya dawa ulitolewa na Pfizer wenyewe. Desemba 2017, jeneriki ya Teva ilipoingia soko la Marekani, Pfizer ilitoa jeneriki yake: kidonge cheupe, sildenafili ile ile, kwa nusu ya bei ya kile cha buluu kilichokuwa kimefika dola 65 kimoja. Rangi na jina ndivyo vilivyogharimu nusu nyingine. Kisha mwaka 2020 Viagra ikahamia kampuni mpya ya Viatris, iliyoundwa kwa kuunganisha kitengo cha Pfizer na Mylan, kampuni iliyojipatia utajiri kwa kutengeneza jeneriki.

Atakayepinga ataleta kwanza msemo unaosikika kila soko la Kenya, kwamba rahisi ni ghali, na atautaja ule mkasa wa Ranbaxy. Ana haki ya kuutaja. Mei 2013 kampuni hiyo ilikiri makosa ya jinai katika mahakama ya Marekani na kukubali kulipa dola milioni 500, kwa kuuza dawa zisizokidhi viwango na kutoa taarifa za uongo kuhusu vipimo. Tukio hilo si dogo, na mtetezi wa jeneriki anayeliruka hastahili kusikilizwa. Lakini litazameni vizuri. Ranbaxy haikuwa kibanda cha uchochoroni. Ilikuwa miongoni mwa majina makubwa ya India, na ukubwa wa jina haukumkinga mgonjwa. Miaka tisa kabla yake, mwaka 2004, Merck, jina kubwa la Marekani, iliiondoa sokoni dawa yake ya maumivu ya Vioxx kwa sababu ya madhara ya moyo. Kilichofichua mambo katika mikasa yote miwili ni kumbukumbu za vipimo, zilizokaguliwa au kufuatiliwa. Hoja ya Ranbaxy, ikifuatwa hadi mwisho wake, inadai wakaguzi wengi zaidi na maabara imara zaidi ya kudhibiti ubora wa dawa. Haidai kwamba mnunuzi wa Shirere alipe bei ya chapa.

Pingamizi la pili ni kwamba chapa angalau humwepusha mtu na bandia. Ukweli umeelekea upande wa pili. Mghushi huiga kilicho ghali na chenye sifa, na Viagra imekuwa miongoni mwa dawa zinazoghushiwa zaidi duniani. Mwaka 2011 Pfizer ilifanya uchunguzi kwa kuagiza dawa iliyouzwa kwa jina hilo kutoka tovuti 22. Zaidi ya robo tatu ya vifurushi vilivyofika vilikuwa bandia, vikiwa na nusu ya dawa iliyotajwa au hata pungufu ya hapo. Afadhali kupungukiwa kuliko yale yaliyotokea Singapore mwaka 2008, ambako watu 150 wasio na kisukari walilazwa hospitalini sukari ikiwa imewashuka mno. Vidonge vya nguvu za kiume vilivyouzwa kwa magendo vilikuwa vimechanganywa na glibenklamidi, dawa ya kisukari. Saba walizirai wasiamke kwa muda mrefu, wanne wakafa.

Huku kwetu hatari imevaa nguo nyingine, nguo ya asili. Mwishoni mwa mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Uganda ilichunguza kinywaji cha kuongeza nguvu kilichotengenezwa Ndola, Zambia, baada ya mnywaji mmoja kulalamika kwamba alitokwa jasho bila kukoma na uume wake ukabaki umesimama kwa takriban saa sita. Ndani yake ilikutwa sildenafili, ambayo haikuandikwa popote kwenye chupa. Mwaka 2022 mamlaka ya Marekani ilizionya kampuni zilizouza asali ya wanaume iliyotiwa dawa za aina hiyo kwa siri. Kwa hiyo mwanamume anayekikwepa kidonge cha dukani kwa kuogopa kemikali, akanunua unga au asali isiyo na sajili, huenda anameza kemikali ile ile aliyoikimbia, kwa kiasi ambacho hakuna anayekijua. Mukombero uliovunjwa mbele ya macho yake ungekuwa salama zaidi ya kopo lenye picha ya simba.

Liko pingamizi la tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu linatokana na umaskini na haya kwa pamoja: mambo ya daktari na maagizo yake ni ya wenye nafasi, na kidonge kimoja hakimwui mtu. Sheria ya Kenya inataka sildenafili itolewe kwa maagizo ya daktari, na wengi wanajua kwamba hununuliwa kwa kunong'ona dirishani. Lakini sababu ya sheria hiyo imo ndani ya historia ya dawa yenyewe. Ilizaliwa kama dawa ya moyo, hulegeza mishipa. Ikikutana mwilini na nitrati, zile dawa za kuweka chini ya ulimi au kumeza kwa maumivu ya kifua, shinikizo la damu huporomoka ghafla na mtu anaweza kufa. Ikikutana na ritonavir, ambayo imo katika baadhi ya michanganyiko ya dawa za virusi vya UKIMWI, hukaa mwilini kwa kiwango cha juu mno, ndiyo maana wagonjwa hao hupewa miligramu 25 tu na wasirudie ndani ya saa 48. Na kuishiwa nguvu kwenyewe mara nyingi ni dalili ya kisukari, ya shinikizo la damu au ya mishipa ya moyo inayoziba, dalili inayotangulia wakati mwingine kwa miaka. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayeificha dalili hii kwa kidonge cha kununua gizani anaficha pia ugonjwa ulioileta.

Kuhusu gharama ya kumwona mtaalamu, hali haiko kama ilivyokuwa zamani. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote mikoba ya vifaa, kukiwamo kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari, na kazi yao ni kwenda nyumba kwa nyumba. Akishapimwa hivyo, mtu huenda kwenye zahanati akiwa na jambo la kuanzia mazungumzo, na mengine husemeka. Pesa aliyoiokoa kwa kununua jeneriki iliyosajiliwa badala ya jina inaweza kumsaidia kurudi kwa daktari mara nyingine.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mnunuzi wa Shirere ni mfupi kuliko historia yenyewe. Nunua katika duka lililotundika ukutani cheti cha mwaka huu cha Bodi ya Dawa na Sumu. Uliza jina la kiambato na la mtengenezaji, uione tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti yenyewe, na usikubali kidonge kilichokatwa kikafungwa katika gazeti. Ikiwa ni jeneriki iliyosajiliwa, usione haya kulipa kidogo. Na yeyote anayetumia nitrati kwa ajili ya moyo asiiguse sildenafili kabisa, iwe ya chapa, iwe ya jeneriki, iwe imefichwa ndani ya asali.